Magonjwa yanayomaliza ng'ombe wa maziwa mijini na namna ya kuyazuia

Na Mwandishi Wetu

UFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa si shughuli ya vijijini pekee. Katika vitongoji vya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, na katika miji kama Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, ni jambo la kawaida kukuta banda nyuma ya nyumba, likiwa na ng'ombe wawili au watatu wenye damu ya Friesian au Ayrshire.

Kwa familia nyingi ng'ombe hao ndio ada ya shule na kitoweo cha watoto. Kwa baadhi ya wastaafu, humo ndimo zilimoishia fedha za kiinua mgongo. Ng'ombe mmoja akifa, hasara yake haiishii bandani, bali huingia hadi mezani.

Hata hivyo, magonjwa mengi yanayowamaliza ng'ombe hao si mageni wala si ya ajabu. Ni kuhara kwa ndama, ndigana kali, ugonjwa wa kiwele, homa ya maziwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa sehemu kubwa yanazuilika kwa kazi ambazo mfugaji anaweza kuzifanya mwenyewe, kabla haijafika siku ya kumtafuta daktari wa mifugo usiku wa manane.

Msomaji asiyefuga naye hayuko mbali na suala hili, kwa kuwa baadhi ya magonjwa hayo, pamoja na mabaki ya dawa zinazotumika kuyatibu, yanaweza kumfikia kupitia kikombe cha maziwa.

Saa sita za mwanzo

Kinga ya ng'ombe wa maziwa huanza siku anapozaliwa. Tofauti na mtoto wa binadamu, ambaye hupata sehemu ya kinga ya mama angali tumboni, ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote, kwa sababu kondo la nyuma la ng'ombe haliruhusu chembe za kinga kupita kutoka kwa mama kwenda kwa ndama.

Kinga hiyo huipata kwenye maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, yale mazito yenye rangi ya njano. Lakini mlango wake haukai wazi muda mrefu. Utumbo wa ndama hupokea chembe za kinga vizuri zaidi katika saa chache za mwanzo, uwezo huo hupungua kadiri saa zinavyopita, na baada ya saa 24 huwa umefungwa.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wanashauri ndama anyweshwe dang'a mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili na isizidi saa sita tangu kuzaliwa. Kiasi kinachotosha katika kipindi hicho ni takriban asilimia 10 ya uzito wake. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita tatu na nusu.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumwacha ndama anyonye mwenyewe bila kuangalia iwapo kweli amenyonya. Ndama aliyechoka kwa uzazi mgumu anaweza kusimama saa nyingi bila kupata chuchu. Mfugaji anayekamua dang'a na kumpa kwa chupa yenye nyonyo hujua kwa hakika ndama amepata kiasi gani.

Mfugaji wa mjini ana nafasi ya ziada kwa kuwa wengi wana jokofu la kugandisha. Dang'a inayobaki kutoka kwa ng'ombe mwenye afya, ambaye amepimwa na kuonekana hana ugonjwa wa kutupa mimba, inaweza kugandishwa kwenye chupa safi na kutunzwa kwa ajili ya ndama atakayefiwa na mama au ambaye mama yake hana maziwa. Inapohitajika huyeyushwa kwa kuweka chupa ndani ya maji ya vuguvugu. Isichemshwe, kwani moto huharibu chembe za kinga.

Jambo la pili ni kitovu. Kikiwa kibichi ni njia iliyo wazi ya vijidudu kuingia mwilini, na madhara yake huonekana baadaye kwa viungo kuvimba, homa na kifo. Kinga yake ni kukichovya chote kwenye dawa ya madini joto mara baada ya kuzaliwa, na kumlaza ndama mahali pakavu na safi.

Ndama anayehara

Kuhara ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya ndama katika wiki nne za mwanzo. Vijidudu vinavyosababisha ni vya aina nyingi, baadhi vikiwa bakteria, vingine virusi, na vingine vimelea vidogo vya utumbo. Lakini kinachomuua ndama mara nyingi ni maji na chumvi anazopoteza.

Dalili za hatari ni macho kudidimia, ngozi ya shingo kuchelewa kurudi inapofinywa na kuachiwa, mdomo na miguu kuwa baridi, na ndama kukataa kunyonya.

Tiba ya kwanza ni kumrudishia maji. Maduka ya dawa za mifugo huuza unga maalumu wa kuchanganya na maji safi ya vuguvugu, ambao huwa na chumvi na glukosi. Unga huo unafaa kuwapo nyumbani kabla tatizo halijatokea. Sukari ya mezani haifai kuchukua nafasi ya glukosi, kwa sababu ndama mchanga hana uwezo wa kuisaga, na huweza kumwongezea kuhara.

Aidha, ndama anayehara hapaswi kunyimwa maziwa. Huendelea kupewa kwa nyakati zake, na maji ya dawa hupewa katikati ya nyakati hizo. Akishindwa kusimama au kunyonya, hapo anahitaji daktari wa kumtundikia maji kwenye mshipa.

Kinyesi chenye damu kwa ndama wa zaidi ya wiki tatu kinaweza kuashiria koksidia, ugonjwa unaoshamiri kwenye banda lenye unyevu na msongamano. Dawa zake ni tofauti, hivyo ni vyema kinyesi kipimwe badala ya kubahatisha.

Suala jingine ni njaa. Kwa kuwa kila lita ina soko, baadhi ya wafugaji humpunja ndama ili wauze zaidi. Ndama wa kilo 35 anahitaji walau lita tatu na nusu hadi nne kwa siku, akigawiwa asubuhi na jioni. Anayepunjwa hudumaa, huugua mara kwa mara, na akiwa jike huchelewa kupata joto na kubeba mimba. Fedha iliyopatikana kwa kumpunja hurudi ikadaiwa miaka miwili baadaye.

Banda lake nalo liwe peke yake, mbali na ng'ombe wakubwa, lenye sakafu iliyoinuliwa au malalo makavu yanayobadilishwa. Harufu ya mkojo inayowasha macho ni ishara kwamba hewa haitoshi, na ndama katika banda kama hilo yuko katika hatari ya kupata homa ya mapafu inayotokana na hewa chafu na baridi.

Kupe huja na majani

Wafugaji wengi wa mijini huamini kwamba ng'ombe asiyetoka bandani hawezi kupata kupe. Imani hiyo imegharimu mifugo mingi.

Majani yanayokatwa kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyo wazi au mabondeni, mara nyingi hutoka mahali ambapo ng'ombe wengine hupita na kulisha. Kupe wadogo hung'ang'ania kwenye ncha za majani, hufungwa pamoja na mzigo, hupakiwa kwenye baiskeli au mkokoteni, na kufikishwa hadi kwenye hori.

Kupe mmoja anahusika zaidi na vifo vya ng'ombe wa maziwa katika Afrika Mashariki. Ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kujificha masikioni, ambaye ndiye anayeeneza ndigana kali.

Ugonjwa huo una historia inayogusa pwani yetu. Mwaka 1897 mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, aliona vimelea vidogo kwenye damu ya ng'ombe, lakini alivihusisha na ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, kati ya 1901 na 1902, ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda kusini mwa Afrika walipeleka ugonjwa uliofyeka mifugo ya huko. Ndipo kwa Kiingereza ukapewa jina la homa ya Pwani ya Mashariki, jina ambalo unalo hadi leo. Uhusiano wake na kupe wa masikioni ulithibitishwa na Charles Lounsbury mwaka 1904.

Ng'ombe wa asili waliozaliwa katika maeneo yenye ugonjwa huo, kwa vizazi vingi, wamejijengea ustahimilivu wa kiasi. Ng'ombe wa kigeni na chotara hawana ustahimilivu huo. Damu ile ile inayoleta maziwa mengi ndiyo inayoleta udhaifu mbele ya kupe, na hilo ndilo jambo ambalo mfugaji mpya hupaswa kuelezwa siku anayonunua mtamba wake wa kwanza.

Dalili za ndigana kali

Dalili huanza kati ya wiki moja na tatu baada ya ng'ombe kuumwa na kupe mwenye vimelea. Ya kwanza ni kuvimba kwa tezi iliyo chini ya sikio, kisha ile iliyo mbele ya bega. Tezi hizo huweza kupapaswa kwa mkono.

Homa hupanda na kuvuka nyuzi joto 40, wakati joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya 38 na 39.3. Ng'ombe huendelea kula kwa siku chache za mwanzo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Baadaye huacha kula, maziwa hupungua, macho hutoa machozi, kisha hupumua kwa shida na kutoa povu puani. Akifikia hatua ya povu, matumaini huwa madogo.

Dawa zipo, na inayotumika zaidi ni buparvakwoni. Hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema, wakati tezi zimevimba na homa imeanza. Ikichelewa, fedha ya dawa hutumika na ng'ombe hufa. Kwa hiyo kipimajoto cha mifugo, ambacho bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya ng'ombe, ni kifaa ambacho hakipaswi kukosekana katika banda lolote.

Kinga ya kwanza ni kuogesha au kupulizia dawa ya kupe kwa ratiba, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa ng'ombe wa kigeni na chotara, na mara mbili palipo na kupe wengi. Sababu ya ratiba hiyo ni ya kisayansi. Kupe anapojibandika hahamishi vimelea papo hapo, bali huhitaji siku kadhaa akiwa ananyonya ndipo vimelea vikomae na kuingia mwilini mwa ng'ombe. Kupe anayekufa mapema hufa kabla hajafanya kazi yake.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuzimua dawa kupita kiasi ili iende mbali. Dawa hafifu haiui kupe wote, na wale wanaosalia huzaa kizazi kilichozoea dawa hiyo. La pili ni kupulizia mgongo na mbavu, sehemu zinazoonekana, na kuacha ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja, ambako ndiko kupe waliko.

Mfugaji anayeona dawa haifanyi kazi anashauriwa kubadili kundi la dawa, si jina la biashara tu. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiini kimoja, na hilo husomwa kwenye maandishi madogo ya lebo.

Chanjo ipo

Watafiti waliokuwa Muguga, nchini Kenya, walitengeneza katika miaka ya 1970 njia ya kuwakinga ng'ombe dhidi ya ndigana kali. Mnyama hupewa vimelea hai kwa kiasi kilichopimwa na wakati huo huo huchomwa sindano ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Huugua kidogo sana au haugui kabisa, kisha hubaki na kinga inayoweza kudumu maisha yake yote.

Nchini Tanzania njia hiyo imetumika kwa wingi kwa ndama wa wafugaji wa Kimaasai wa mikoa ya kaskazini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni.

Ugumu wake ni kwamba chanjo hutunzwa kwenye mitungi ya naitrojeni ya maji yenye ubaridi mkali, hufungashwa dozi nyingi pamoja, na ikishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo. Mfugaji mwenye ndama mmoja hawezi kuagiza peke yake kwa bei nafuu. Njia iliyofanikiwa ni majirani kujikusanya na kumwita mtaalamu kwa siku moja.

Ni muhimu kuelewa kwamba chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine yaletwayo na kupe. Yapo ndigana baridi, ambayo dalili zake ni utando wa macho na fizi kuwa mweupe au wa njano na kinyesi kuwa kigumu. Ugonjwa wa kukojoa damu, ambao jina lake linajieleza. Na ugonjwa wa maji moyo, ambao humfanya mnyama atembee kwa kunyanyua miguu juu na kuzunguka kabla ya kuanguka. Kuogesha kunaendelea hata baada ya chanjo.

Mikono ya mkamuaji

Ikiwa kupe ndiye adui wa uhai wa ng'ombe, ugonjwa wa kiwele ndio adui wa mfuko wa mfugaji. Huletwa na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu, na mara nyingi husafirishwa na mikono ya mkamuaji au kitambaa kinachotumika kwa ng'ombe wote.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ya kwanza huonekana: kiwele huvimba, huwa cha moto, ng'ombe hurusha teke anapoguswa, na maziwa hutoka na mabonge, damu au maji maji. Ya pili haionekani kwa macho. Maziwa ni meupe kama kawaida, ila yanapungua kidogo kidogo, na mfugaji hulaumu pumba au majani.

Tuchukue mfano wa ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku. Akipoteza lita moja tu kwa ugonjwa uliojificha, katika siku 300 za kukamuliwa zimepotea lita 300 bila mtu yeyote kuona mgonjwa.

Sura hiyo ya pili hugunduliwa kwa kipimo rahisi cha California, ambacho huchukua maziwa ya kila chuchu katika kisahani chake na kuchanganya na maji ya dawa. Yakiwa mazito kama ute, robo hiyo ya kiwele ina tatizo. Kwa sura ya kwanza, kukamulia matone ya mwanzo kwenye kikombe cheusi kila asubuhi hutosha kuonyesha mabonge.

Kinga yake ni utaratibu. Mkamuaji anawe kwa sabuni. Kiwele kisafishwe na kukaushwa kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake. Ng'ombe wenye afya wakamuliwe kwanza na mgonjwa awe wa mwisho. Maziwa yatolewe yote. Na chuchu zichovywe kwenye dawa mara baada ya kukamua.

Lipo jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa karibu nusu saa au zaidi baada ya kukamua. Ng'ombe akilala kwenye kinyesi wakati huo, vijidudu hupata njia. Akiwekewa majani mara tu baada ya kukamuliwa, atasimama akila hadi tundu lifunge.

Aidha, ng'ombe anapoachishwa kukamuliwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa, daktari anaweza kuweka dawa maalumu ndani ya chuchu ili kumaliza maambukizi yaliyojificha na kuzuia mapya.

Homa isiyo na joto

Ng'ombe anayetoa maziwa mengi, hasa kuanzia uzao wa tatu, anaweza kuanguka ndani ya siku tatu baada ya kuzaa. Hulala kifuani, akakunja shingo na kuelekeza kichwa ubavuni, masikio yakiwa baridi. Huu ndio ugonjwa uitwao homa ya maziwa, ingawa joto la mgonjwa hushuka badala ya kupanda.

Sababu yake ni madini ya chokaa kupungua ghafla katika damu kwa kuwa yamekimbilia kwenye maziwa. Daktari hutoa maji ya chokaa kwenye mshipa, polepole, na mara nyingi ng'ombe husimama muda mfupi baadaye. Kazi hiyo isifanywe na asiyejua, kwa sababu maji hayo yakiingia kwa kasi huweza kusimamisha moyo.

Wakati daktari anasubiriwa, ng'ombe aegemezwe kwa magunia ya majani ili akae kifuani, asilale ubavu na kujaa gesi. Asinyweshwe kitu chochote kwa chupa, kwani nguvu za kumeza zimepungua na maji yanaweza kuingia mapafuni.

Tatizo jingine la mijini ni kile ng'ombe anachomeza. Mabaki ya sokoni, kama maganda ya ndizi na viazi, ni chakula kizuri, lakini huja na vipande vya nailoni, waya na misumari. Ingawa Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, vifungashio vya plastiki bado viko kwenye taka. Hukaa tumboni miaka, na msumari unaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Majani na mabaki yachambuliwe kabla ya kuwekwa horini.

Mimba inapotoka

Ng'ombe akitupa mimba, hasa kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, mfugaji asichukulie kuwa ni bahati mbaya. Ugonjwa wa kutupa mimba, uletwao na bakteria wa brusela, humwambukiza pia binadamu kwa kugusa kondo la nyuma na majimaji ya uzazi bila kinga, na kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa.

Kwa binadamu huleta homa za vipindi, uchovu na maumivu ya viungo, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ni malaria. Mtu anayefuga na ambaye hutibiwa homa bila kupona anapaswa kumweleza daktari kwamba anafuga ng'ombe.

Ndama aliyetupwa na kondo visishikwe kwa mikono mitupu wala kupewa mbwa. Vifukiwe kwenye shimo refu, na sampuli ya damu ya ng'ombe ipelekwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye makao yake Temeke jijini Dar es Salaam na matawi mikoani, hufanya vipimo vya aina hiyo. Ng'ombe mpya naye apimwe kabla hajaingizwa bandani.

Mvua nyingi zikinyesha na mimba zikatoka kwa wingi katika eneo moja, hofu huwa ni homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha nchini Tanzania. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji kutoa taarifa anapohisi ugonjwa wa aina hiyo, na kuificha ni kuhatarisha mtaa mzima.

Kwa mnywaji, kinga ni ile iliyozoeleka: maziwa yachemshwe hadi yaumuke, au yanunuliwe yaliyosindikwa. Viwandani hupashwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, na hilo hutosha kuua brusela na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe.

Sindano ya duka la jirani

Kuchemsha hakuondoi kila kitu. Mabaki ya dawa za bakteria hayaishi yote kwa moto, na ndiyo maana kila chupa ya dawa huandikwa siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa wala kunywewa baada ya matibabu. Kipindi hicho hutofautiana kati ya dawa na dawa, hivyo lebo isomwe na tarehe iandikwe ukutani.

Tabia ya kununua oksitetrasaiklini dukani na kuchoma kila ng'ombe anayeonekana mnyonge ina hasara tatu. Hupoteza muda ambao dawa sahihi ingemwokoa, kwa mfano aliye na ndigana kali. Hufundisha bakteria kuizoea dawa. Na hupeleka mabaki kwa mtoto wa mteja.

Huduma za tiba ya mifugo, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, hutolewa na wataalamu wanaotambuliwa na Baraza la Veterinari. Mfugaji ana haki ya kumuuliza anayemtibia ng'ombe wake iwapo anatambuliwa.

Upo ushahidi mkubwa kwamba kinga ya pamoja hufanikiwa. Sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na silaha kuu ilikuwa chanjo. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo mkoani Simiyu, ambayo kwa ng'ombe inalenga homa ya mapafu. Mfugaji wa mjini naye aulize kwa ofisa mifugo wa kata yake ratiba ya chanjo hiyo, pamoja na zile za kimeta, chambavu, miguu na midomo na mapele ngozi.

Dakika kumi kila asubuhi

Kwa kuwa magonjwa mengi hutoa ishara mapema, wataalamu wanawashauri wafugaji kutenga dakika kumi kila asubuhi kabla ya kukamua, kuangalia mambo yafuatayo:

Je, ng'ombe amesimama na kuja horini kama kawaida? Je, anacheua? Pua yake ni mbichi au imekauka? Kinyesi na mkojo vina rangi gani? Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zina ukubwa ule ule wa jana? Ndani ya masikio kuna kupe? Matone ya mwanzo ya maziwa yana mabonge? Lita zilizokamuliwa zimepungua?

Jibu moja lisiloridhisha linatosha kutoa kipimajoto. Joto likivuka 39.5, apigiwe simu mtaalamu siku hiyo hiyo, si kesho yake.

Daftari la kuandika tarehe za kuogesha, chanjo, dawa ya minyoo, kupandishwa na kuzaa, pamoja na lita za kila siku, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo. Minyoo, kwa mfano, hupewa dawa kila baada ya miezi mitatu hivi kuanzia ndama akiwa na miezi miwili au mitatu, na ni rahisi kusahau bila maandishi.

Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa maneno hayo yana hesabu inayoonekana: chupa ya madini joto, lita tatu na nusu za dang'a, dawa ya kupe iliyochanganywa sawasawa, kitambaa kisafi kwa kila ng'ombe na kipimajoto kimoja. Vyote hivyo kwa pamoja havifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mtamba mmoja, na mara nyingi ndivyo vinavyoamua iwapo mtamba huyo atafika uzao wake wa pili.